Neno Lililovuliwa Nyota

Ukimuuliza mtu yeyote hapa kwetu habari za Ersilia Colavecchio, jambo la kwanza atakalokwambia ni kwamba yule mama hatulii. Umkaribishe kiti, ataushika mgongo wa kiti asimame nyuma yake. Umpe kahawa, ataimaliza kabla hujaketi na yako. Kanisani husimama mlangoni kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mumewe Nicandro, mtengeneza jibini, alizoea kuwaambia wageni kwamba alimuoa akiwa na siafu ndani ya soksi, na tangu harusi anawatafuta hajampata hata mmoja. Watu wakicheka, Ersilia naye hucheka, huku ameshasimama kwenda kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Siafu hao mimi najua walikotoka. Walimwingia Februari ya mwaka 1979, kwenye zizi la kondoo juu ya kijiji cha Roccamura, kwa ajili ya neno moja ambalo hakuna kinywa kilicholitamka kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Nitaeleza taratibu. Asiyependa habari za vitenzi na avumilie kidogo, hata mimi sizipendi.

Ersilia alikuwa binti wa mwoka mikate. Alipofika miaka ishirini na miwili alipata kazi mjini, kwenye taasisi ndogo ya lugha za kale: kupiga chapa kwa mashine, kupanga makabati, na kuchukua sura za mawe yenye maandishi. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyompa jina. Unaosha jiwe, unalaza juu yake karatasi nene iliyolowa maji, halafu unaigonga kwa brashi yenye nywele ngumu mpaka karatasi izame ndani ya kila herufi. Unaiacha ikauke, unaibandua polepole. Unachobaki nacho ni uso wa jiwe kwenye karatasi, mwepesi wa kukunja na kubeba, na mtu mwenye vidole vizuri anaweza kuusoma hata akifumba macho. Wenyewe wanauita kalko. Ersilia alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Wale waliokanda unga tangu utotoni huwa nayo.

Kanuni ya kazi ni moja, na alifundishwa siku ya kwanza kabla hata hajavua koti. Karatasi ikichanika, itupe, uanze upya. Usiitengeneze mbali na jiwe, kwa sababu mbali na jiwe karatasi haina shahidi.

Aliyemfundisha ni Profesa Ottorino Malvasi, mkuu wa taasisi, wakati huo mtu wa miaka arobaini na saba. Wenzake walikuwa na wake, mbwa, mashamba ya mizabibu. Yeye alikuwa na kitenzi. Kilikuwa kitenzi cha kufinyanga: kuukanda udongo, kuupa umbo, kuusimamisha ukawa ukuta. Alikifuata nyayo kama anayemtafuta ng'ombe aliyepotea. Kwa Wagiriki alikikuta kimekuwa ukuta wa mji. Kwa Wahindi kimekuwa kupaka. Kwa watu wa kaskazini ya mbali kimekuwa donge la unga. Kwa Warumi kilibaki kufinyanga, kisha kikazeeka vibaya, kikawa pia kuzua na kusingizia. Profesa alisema hawa wa Italia wote ni wajukuu wa bibi mmoja, lugha iliyosemwa hapa kabla hajakuwapo Mrumi wala Msamniti, na bibi huyo hakuacha hata herufi moja ya maandishi.

Sasa, neno ambalo halijaonekana limeandikwa popote, bali limefikiwa kwa kulinganisha wajukuu, wataalamu huliwekea nyota ndogo mbele yake. Nyota maana yake ni kwamba hili tumelifikia kwa akili, si kwa macho. Likipatikana limechongwa mahali, linavuliwa nyota. Profesa alikuwa amekipanga kitenzi chote ubaoni, nafinyanga, unafinyanga, anafinyanga, tulifinyanga, mlifinyanga, kila umbo na nyota yake, na mfagiaji wa taasisi alikuwa haruhusiwi kuukaribia ubao ule na kitambaa.

Lililomnyima raha ni umbo la "alifinyanga". Alishikilia kwamba watu wale wa kale, wakitaka kusema jambo limekwisha kutendeka, walikuwa wanairudia sauti ya kwanza ya kitenzi, na kwamba Wasamniti, wazee wetu wa milima hii, waliurithi mtindo huo kwa yule bibi. Basi kwa Msamniti "alifinyanga" lazima iwe *fifiked. Wataalamu wa vyuo vya kaskazini wakacheka. Wakamwita Profesa Fifi, hata mbele ya wanafunzi wake. Bila jiwe, wakasema, hiyo ni nyota tu, na nyota hata sisi tunazo.

Ndipo mchungaji mmoja wa Roccamura akaleta habari kwamba kwenye ukuta wa zizi lake kuna jiwe lenye michoro.

Profesa alikuwa na mguu kwenye plasta. Aliteleza kwenye barafu wiki iliyotangulia, akauvunja. Akabaki ndani ya gari barabarani, na Ersilia akapanda peke yake na ndoo, brashi, karatasi na kopo la uji wa unga wa kubandikia kingo. Kamera hawakuwa nayo siku hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kimo cha mbuzi, ya chini na ya ubishi. Karatasi mbili zililowa zikawa mkate wa supu kabla hazijafika ukutani. Ya tatu, ya mwisho, ilikaa vizuri, na Ersilia akagonga mpaka mabega yakawaka. Jiwe lilianza kusema: fulani mwana wa fulani, ukuta huu. Likabaki neno la mwisho. Upepo ukainua kona, karatasi ikachanika palepale.

Alichungulia chini ya tundu. Jiwe lilikuwa limelika kwa maji na kwato za kondoo. Aliona mstari mmoja wa wima, labda miwili. Ungeweza kuwa mwanzo wa neno la Profesa. Ungeweza kuwa mwanzo wa neno lolote duniani.

Akaibandua. Akaingia kibandani kwa mchungaji, akachutama karibu na moto, na hapo akafanya kile alichokatazwa siku ya kwanza. Aliliziba tundu kwa uji na vipande vya karatasi, akaukanda ukawa laini, na kwa ukucha wa kidole gumba akazichora herufi saba. Alizijua kwa moyo. Makala ya Profesa alikuwa ameipiga chapa mara tatu. Hakuwa na nia ya kudanganya, na hapa namwamini. Alijiambia kwamba karatasi inajua inachotakiwa kusema, yeye anaisaidia tu, na Jumatatu atarudi na karatasi mpya kuhakikisha. Mwizi naye huanza kwa kuazima.

Chini barabarani Profesa aliipokea ile karatasi mapajani, akafumba macho, akapitisha vidole. Vilipofika mwisho vilisimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena. Kisha yule mtu mkubwa akalia bila aibu, makamasi na machozi, na plasta yake imekwama chini ya dashibodi.

"Limekuja, Ersilia mwanangu," alisema. "Limekuja lenyewe."

Utamwambiaje mtu aliye hivyo? Jumatatu barabara ilikuwa matope. Jumatano kilima chote kiliteremka, maana vilima vyetu hapa Molise huteremka kama vinavyotaka, kikalimeza zizi, jiwe na kondoo kumi na mmoja. Karatasi ya Ersilia ikabaki shahidi peke yake.

Neno likavuliwa nyota. Profesa alikwenda kaskazini akalisoma mbele ya wale wale waliomcheka, na wakasimama kumpigia makofi. Likaingia kwenye kamusi kubwa za lugha za kale, uchi, halina nyota, na tawi zima la kitenzi likapandwa juu yake. Wanafunzi wa nchi ambazo Ersilia hakujua zilipo wakawa wanalikariri. Na kila likitajwa, Profesa alimtaja na yeye: mikono ya Ersilia, karatasi ya Ersilia, msichana wangu huyu ana macho kwenye vidole. Akampa kabati lenye funguo. Kwa miaka arobaini alichukua sura za mawe mia sita na kumi na moja mengine, na hakuna hata moja aliloligusa kwa ukucha. Karatasi ikichanika kidogo tu aliitupa kwa hasira hivi kwamba wasaidizi walimwogopa.

Lakini hakutulia. Wahenga wanasema siku za mwizi ni arobaini. Yeye alipewa miaka. Alilihesabu lile neno kila lilipopita mikononi mwake kwa kupigwa chapa, na lilipita sana. Mara saba alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Profesa akiwa ameshapanga maneno, na mara saba Profesa aliinua kichwa akasema, "Ingia, mwanangu," na yeye akauliza kama anataka kahawa. Alichoogopa si kufukuzwa. Aliogopa kuitwa kwa jina jingine na mtu yule.

Basi mwaka 2019, Ersilia ana miaka sitini na miwili na kustaafu kumebaki miezi mitatu, wajenzi wa barabara walikuwa wanakata kilima chini ya Roccamura. Meya wa kijiji, Loredana Iacovone, akapiga simu taasisi akiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu ya serikali. Jiwe limetoka. Wamelihifadhi kwenye ghala la kijiji. Jumamosi kutakuwa na hafla, bendera, divai, na Profesa aje alipapase mwenyewe jiwe lake kabla hajafa. Sehemu ya mwisho aliisema bila kuiremba. Loredana ni hivyo.

Profesa alikuwa na miaka themanini na saba, na macho yake yalikuwa yamekwisha, anaona mwanga na vivuli. Aliposikia habari hizo alimtaka Ersilia amnyolee ndevu siku hiyo hiyo, ingawa ilikuwa Jumanne. "Nitalishika," aliendelea kusema. "Sikuwahi kulishika."

Ersilia wiki ile aliosha madirisha ya nyumba nzima, akaosha na ya jirani. Alichemsha tambi za kavateli akasahau chumvi, akarudia akaweka mara mbili. Nicandro alikula, kisha akamuuliza kama kuna mtu kafa. Akasema hapana. Akamuuliza kama kuna mtu anataka kufa. Akatoka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinadondosha maji.

Alhamisi mchana alichukua gari akaenda Roccamura peke yake. Kwenye mkoba aliweka brashi. Aliweka pia patasi ndogo. Ukimuuliza leo ilikuwa ya nini, atakwambia hajui, na mimi nasema anajua, ila kuna mambo mtu hapaswi kulazimishwa kuyasema mara mbili. Mahali pa neno lile kwenye jiwe palikuwa pameshalika. Mguso mmoja, na hakuna ambaye angeweza kusema kulikuwa na nini.

Kwenye ghala alimkuta mwendesha tingatinga, mwanamume mnene aitwaye Pardo, anakula mkate na soseji amekalia tairi. Alimfungulia bila kumuuliza. Hata kabla hajafunua turubai alianza kujitetea.

"Mama, mimi niseme ukweli. Sikuliona. Nimechimba tope tangu asubuhi, nasikia kraa, nikasimama. Kona ya kulia imekwenda. Nimetafuta kile kipande siku mbili kwa mikono, mke wangu shahidi. Tope ni tope."

Akafunua. Jiwe lilikuwa lile lile, jeusi kwa unyevu, na lilianza kusema kama zamani: fulani mwana wa fulani, ukuta huu. Halafu palikuwa na mvunjiko mweupe, mpya, unaong'aa kama donge la sukari lililovunjwa. Neno la mwisho halikuwapo, wala nafasi yake haikuwapo.

Ersilia alishika ukingo wa tairi. Alisikia furaha, na nasema furaha bila kificho, furaha ya kumrudisha mtu pumzi. Imekwisha. Hakuna atakayejua mpaka Yesu arudi. Pardo akadhani anataka kuzimia kwa huzuni, akamletea maji, akazidi kuomba msamaha, na Ersilia akajikuta anampigapiga begani na kumwambia si kosa lake, si kosa lake, ndani ya mkoba patasi inagongana na brashi. Alikuwa njiani kurudi, kwenye kona ya tatu, alipolazimika kuegesha gari, maana aliona haya kuliko siku zote za miaka ile arobaini. Alikaa garini hapo, na ajabu ni kwamba alikaa kweli, karibu saa nzima.

Jumamosi walikuja watu wote wa Roccamura na nusu ya vijiji jirani. Nicandro alileta jibini la kuning'iniza, akalining'iniza juu ya meza ya bendera mpaka meya akamwomba alisogeze. Profesa aliingia ameshika mkono wa Ersilia, amevaa suti iliyokwisha kumpwaya. Loredana alihutubia. Alieleza ajali ya tingatinga kwa upole, Pardo ameinamisha kichwa kama yuko kwenye kesi. Kisha akasema, na watu wakapiga makofi, kwamba kijiji kina bahati, kwa sababu kilichopotea kwenye jiwe hakikupotea duniani. Mama Ersilia alikichukua kwenye karatasi yake kabla ya kilima kushuka.

Profesa alisogezwa mbele. Aliweka mikono yote miwili juu ya jiwe. Alilisoma taratibu kutoka mwanzo, midomo inacheza. Vidole vilifika kwenye mvunjiko vikasimama. Vikapapasa ukingo juu mpaka chini. Kisha akageuza uso kule alikodhani Ersilia yupo.

"Basi umebaki wewe tu," alisema. Sauti haikuwa ya huzuni. Ilikuwa ya mtu anayetaka kuambiwa hadithi anayoijua. "Ni wewe peke yako uliyeliona kwenye jiwe. Waambie, mwanangu. Lilikuwaje?"

Watu wakamgeukia, wanatabasamu. Alichotakiwa kusema kilikuwa chepesi. Angesema lilikuwa zuri, Profesa, limechongwa kwa kina, na wangeenda kula. Nicandro alikuwa ameshaanza kukata jibini.

"Sikuliona," alisema Ersilia.

Profesa aliinamisha sikio.

"Karatasi ilichanika. Jiwe lilikuwa limelika, niliona mstari mmoja tu. Neno nililitengeneza mimi kibandani, kwa uji wa unga na ukucha. Nilikuwa nalijua kwako."

Hakuna aliyeelewa mara moja isipokuwa aliyehusika. Loredana alitazama karatasi ya hotuba yake kama kwamba jibu limeandikwa humo. Profesa hakuondoa mikono kwenye jiwe. Ersilia alitegemea kelele, au kwamba angeanguka, na alikuwa tayari kumdaka. Yeye alionekana anahesabu.

"Na yale mengine?" aliuliza. "Mia sita na kumi na moja."

"Yale ni ya mawe, Profesa. Kila moja. Naapa."

"Nitajuaje," alisema yule mzee, "Bibi Colavecchio?"

Hilo ndilo alilolikimbia miaka arobaini, na lilikuja vilevile alivyoliogopa, kwa sauti ya chini na ya adabu. Profesa aliomba mtu mwingine amrudishe mjini. Pardo ndiye aliyempeleka.

Jumatatu barua zilikwenda kwa wenye kamusi, amezitamka mwenyewe, fupi, bila kumtaja Ersilia kwa jina: ushahidi wa Roccamura haupo, nyota irudishwe. Wa kaskazini walipata cha kucheka tena. Mmoja wao, ili kuwa mwema, aliandika kwamba umbo lenyewe huenda ni sahihi hata hivyo. Huenda. Kile kipande kiko kwenye tope chini ya barabara ya lami, na malori yanapita juu yake.

Nyumbani Nicandro alikaa jikoni akasikiliza yote kutoka mwanzo. Alipomaliza kusikiliza alikuna kidevu.

"Miaka arobaini nalala na mtu ananificha kitenzi," alisema. "Ungenificha mwanamume ningekuelewa haraka zaidi." Kisha akauliza hayo mawe mia sita na kumi na moja yako wapi.

Maana Ersilia alikuwa ameshaamua. Hakuwa na kiapo cha kumtosha yule mzee, ila mikono alikuwa nayo. Atayarudia yote, jiwe kwa jiwe, na safari hii kwa shahidi. Nicandro akasema yeye ndoo anaweza kuibeba, mradi isiwe Jumapili. Wakaanza na yale ya karibu: kizingiti cha kanisa, jiwe la kisima, lile lililo ukutani kwenye baa ambapo wacheza karata walilazimika kuinuka, wakatukana mpaka wakachoka. Kila karatasi Nicandro alitia sahihi nyuma kwa mwandiko wake wa kuandikia bei za jibini: nimeona ikitoka kwenye jiwe, haikuguswa. Waliofahamu kisa waliwacheka. Mama wa ukucha anakuja, walisema, ficheni unga. Ersilia aliyasikia, akagonga brashi.

Ijumaa alizipeleka kwa Profesa. Mara ya kwanza mtunza nyumba alimwambia angoje, na alingoja barazani saa mbili wima. Mzee alipokubali hakumsalimu. Alitaka mbili mbili, ya zamani mkono wa kushoto, mpya mkono wa kulia, na vidole vikatembea pamoja mstari kwa mstari mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Nyingine, Bibi Colavecchio." Siku hiyo yalikuwa tisa. Ijumaa iliyofuata saba. Sawa. Nyingine. Ikawa hivyo majira ya baridi yote na ya joto yaliyofuata, na hakuna hata siku moja alimwambia aketi, naye hangeketi hata kama angeambiwa. Mawe mengine yalikuwa yameibwa au yamejengewa juu, na hayo aliyataja kwa uwazi, na Profesa aliyaweka pembeni.

Vuli ya mwaka wa pili vidole vya mzee vilianza kutetemeka. Jozi moja ilimchukua nusu saa. Ijumaa moja ya mvua, walikuwa wamefika kwenye mia mbili na arobaini na kitu, Ersilia alimwekea ya zamani kushoto na mpya kulia, kama kawaida, akarudi nyuma kusimama. Profesa aliweka mikono, akakaa bila kuisogeza. Alionekana amechoka. Kisha kwa mkono wa kushoto akaisukuma ile ya zamani polepole mpaka ikaanguka zuliani, na Ersilia alipoinama kuiokota, akidhani imeponyoka, alimsikia juu yake.

"Iache hiyo," alisema. "Moja inatosha. Vidole vyangu havisomi tena. Nisomee wewe, mwanangu."

Ersilia aliichukua karatasi mpya mikononi. Lilikuwa jiwe dogo tu la kaburi, mistari mitatu, jina la mwanamke na jina la baba yake, kitu ambacho angekisoma hata usingizini. Alipitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, akakirudisha mwanzo wake. Mzee hakumharakisha. Alikaa ameinamisha sikio upande wake, anamngoja aanze.